Nyakerario na Muungurumo wa Jumapili

Nyakerario hakuzaliwa akilia kama watoto wengine. Alizaliwa akigombana. Mkunga alipomchapa kidogo ili apumue, mtoto alimjibu maneno ambayo hayawezi kurudiwa kanisani, na wanawake wa laini zote za nyumba za kampuni ya chai wakatoka na sufuria mkononi kuuliza ni nani anatukanana asubuhi yote hiyo. Asiyeamini akamuulize mkunga. Alishakufa, lakini aende tu.

Mama yake, Phelis, alikuja kutoka Kisii akiwa msichana, akaandikwa kazi ya kuchuma chai huku Kericho. Alichuma mbio hadi kikapu mgongoni kikawa kinamwomba wapumzike. Majani mawili na kichipukizi, tak, anatupa nyuma ya bega bila kuangalia. Nyakerario alikua akimfuata kati ya mistari ya chai, na hiyo tak-tak ndiyo iliyomfundisha kupanga maneno. Nyapara akimfokea mama, mtoto anamjibu kwa vina. Nyapara mmoja aliona aibu, akaacha kazi, akaenda kulima miwa Fort Ternan.

Alipokuwa mkubwa, aliunda kundi la hip hop na vijana wawili wa Litein: Kimeli, aliyetengeneza muziki kwa kompyuta ndani ya duka la kunyolea la mjomba wake, na Zack, mwenye sauti nzito na akili nyepesi. Wakajiita Vikapu Vitatu. Watu wa boda boda waliwapenda vibaya. Mmoja alisikiliza wimbo wao hadi akamfikisha Bomet abiria aliyekuwa anaenda hapo tu ng'ambo ya soko.

Kisha kampuni ikaleta mashine. Wanaume wawili wanaishika huku na huku, inanguruma, inanyoa chai kama kinyozi mlevi. Wanawake wakaambiwa waende. Phelis, ambaye vidole vyake vilikuwa vimegeuka rangi ya chai yenyewe, aliambiwa pole na ahame nyumba ya kampuni. Pole! Mtu amewamalizia mgongo wake, mnampa pole!

Nyakerario akatunga ubeti juu ya mama yake, na kitu kimoja tu alitaka duniani: wale wakubwa wausikie kwa masikio yao.

Nafasi ikaja. Kampuni ilikuwa inafungua uwanja wa mpira Jumapili, ikawaita Vikapu Vitatu waimbe.

"Lakini usiguse mambo ya mashine," Kimeli akamwambia. "Tuimbe ile ya mapenzi, tushuke."

"Mapenzi na nani? Na meneja?"

"Nyake, dadangu, hatujawahi pata shoo kubwa hivi."

"Mamangu analala jikoni kwa shangazi, wewe unaniambia shoo."

Zack akaingilia. "Si tutamwimbia mathe siku ingine?"

"Siku ingine ni gani, Zack? Akiwa kwa jeneza?"

Halafu akanyamaza. Wakadhani amekubali. Mtu anayemjua Nyakerario, akimwona amenyamaza, hukimbia.

Jumapili ikafika. Wanawake walijaa uwanjani, waliobaki kazini na waliofukuzwa. Sasa Kimeli, bila kumwambia mtu, alikuwa amerekodi ule muungurumo wa mashine kwa simu, akauweka chini ya wimbo wa mapenzi. Alisikia ni mzito, unatingisha kifua, basi. Akabonyeza. Spika zikanguruma.

"Wameileta hata Jumapili!" akapiga kelele Chepkirui, aliyekuwa jirani ya Phelis. "Iko wapi? Iko kwa shamba gani?"

Viti vikaruka. Wengine wakaingia kwa chai kuitafuta, wengine wakaja jukwaani. Meneja aliruka ua wa mikaratusi mirefu kuliko kanisa, kofia yake ikabaki hewani ikijiuliza kama imfuate.

Kimeli akazima. "Ni muziki tu, mama! Ni muziki!"

"Kitu kilichotufukuza unakiita muziki?" Chepkirui akamuuliza. "Umezaliwa na nani, wewe?"

Hata Nyakerario alikuwa ameutambua muungurumo huo. Akanyakua maiki.

"Phelis alichagua jani changa kwa kidole,
mashine inanyoa shamba, mnatuambia pole.
Pole haipikwi, haipeleki mtoto shule,
mrudisheni mama kazini, hiyo pole yenu mle!"

Walinzi wa kampuni wakakata stima. Akaendelea kwa koo peke yake, na nasikia ng'ombe wa Sotik waliacha kula wakasikiliza. Lakini viti vya wakubwa vilikuwa vitupu. Wote walikuwa wamemfuata meneja ng'ambo ya ua.

Kesho yake Kimeli na Zack wakaja jikoni kwa shangazi. Walikuwa wameshamwona meneja.

"Amesema tukiomba msamaha sote watatu, atatuita tena," Kimeli akasema. "Njoo, Nyake. Kundi lisife."

Nyakerario alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho.

"Ile mashine uliirekodi wapi?"

"Huko juu karibu na mto."

"Mistari ya chai ya mama."

"Sikujua ni yake. Hakukuwa na mtu."

Phelis, aliyekuwa kwenye kigoda kando ya jiko, akageuka ukutani.

"Hakukuwa na mtu," Nyakerario akarudia. Akasimama na kisu cha ndizi mkononi, na Zack alishafika barabarani kabla kiti chake hakijaanguka. "Nenda ukaombe msamaha, Kimeli. Anza na huyu hapa. Ukimaliza, nitakwambia kama kuna kundi."

Kimeli akamtazama Phelis. Akatazama mlango. Akachagua mlango.

Siku hizi Nyakerario anaimba peke yake Litein, mbele ya lile duka la kunyolea, bila spika. Akianza tu, wateja wanatoka nje kusikiliza, wengine wakiwa wamenyolewa upande mmoja.