Kifo cha Baba Mdogo Nilichokipeleka Barazani

Ashukuriwe Mungu aliyenipa miaka mingi kuliko niliyostahili, na kifua cha kubeba aibu yangu mwenyewe, maana hii ninayowasimulia ni aibu kweli, na niliitengeneza kwa mkono wangu, kwa kalamu ya bluu, mezani kwangu hapa Mwamkulu.

Nilikuwa na shauri kwenye baraza la ardhi, Mpanda mjini, dhidi ya jirani yangu Pius, juu ya majaruba mawili ya mpunga yaliyo kati yetu. Karatasi sikuwa nayo, naye hakuwa nayo; yeye alikuwa na mashahidi wawili kutoka Mwese, mimi nilikuwa na neno langu tu, na nililitegemea, kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa na watu hunisadiki. Sasa siku ya kusikilizwa ikaangukia siku ileile ya zamu yangu ya mashine ya kupura mpunga, na ukiikosa zamu hiyo unangoja wiki mbili, basi nikaandika barua ya udhuru: "Sitaweza kufika kwa sababu ya kifo cha baba yangu mdogo, huko Karema." (Uongo sikuandika, nilijiambia. Baba mdogo alikufa kweli, na Karema kweli. Mwaka sikuutaja, na hakuna aliyeniuliza.)

Nilisahau jinsi tunavyoishi hapa. Barua iliposomwa mbele ya watu shauri likaahirishwa, na Pius, badala ya kununa, akapanda bodaboda hadi kwetu, akapita nyumba kwa nyumba akisema mwenzetu amefiwa, ugomvi wa majaruba tuuweke pembeni. Alasiri, nikiwa nimejaa makapi hadi masikioni, nikasikia wimbo wa msiba. Walikuja wanawake zaidi ya kumi, wenye unga na kuni kichwani, Pius mbele amevua kofia. Mke wangu, ambaye habari za barua hakuzijua, alipowaona wanalia naye akalia, kisha ndipo akauliza ni nani aliyekufa.

Mashine ikazimwa.

"Pole sana, mzee mwenzangu," Pius akasema. "Mnazika lini?"

"Alishazikwa."

"Upesi hivyo? Lini?"

Nikatazama makapi. "Mwaka ule walipochimba kisima cha shule."

Mama Devota, anayeongoza nyimbo kwenye jumuiya yetu, akashusha kuni zake polepole. "Miaka tisa, baba. Sisi tumeacha mpunga juani, kuku wanakula. Kumbe nyie wazee wa kanisa mnalia misiba ya kiporo?"

Hakuna aliyecheka, isipokuwa mwenye mashine.

Tarehe iliyofuata Pius akaeleza yote barazani bila kuongeza chumvi (ningeshukuru angeongeza, nikapata la kukanusha). Mwenyekiti, mama ambaye kwa umri ni mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, akaniuliza kama barua ni yangu. Nikajibu ni yangu, Mheshimiwa, na kila neno lake ni kweli.

"Ndiyo maana inanisumbua, mzee," akasema.

Akaamuru nilipe gharama za siku ile, nauli za mashahidi kutoka Mwese na kurudi, pamoja na chakula chao, kwa kuwa nimelidanganya baraza. Nikalipa siku hiyohiyo. Hilo halikuniuma sana.

Kilichoniuma ni zamu yangu ya kutoa ushahidi. Nikashika Biblia, nikaapa, nikasema mpaka ulipo, na safari hii nilisema kweli tupu, kama nilivyoonyeshwa na marehemu baba nikiwa kijana. Mwenyekiti akaweka kalamu chini, akanitazama bila hasira.

"Na haya, mzee, nitajuaje kwamba hujabakiza kitu?"

Majaruba akapewa Pius.

Sikukata rufaa, kwa maana neno lile lile ndilo ningelipeleka huko juu, na lilishachakaa. Namshukuru Mungu kwa adhabu hiyo, ingawa shukrani yenyewe ilichukua misimu miwili kufika. Siku hizi nikizuiwa na mashine naandika kwamba nimezuiwa na mashine. Nawe uliyesoma, Bwana akulindie neno lako, ili siku utakapokuwa huna kingine mkononi, likubaliwe.