Kigingi cha Mama Vifungo

Mama Vifungo hakumwamini mtu. Fundi cherehani huyu alimpima mteja mara mbili, kisha akamwuliza kama kweli ameacha kuvuta tumbo ndani. Mumewe, mpishi wa shule, akileta mkate, mkewe aliubonyezabonyeza kwanza ndipo ashukuru. Mwenyewe alisema kazaliwa hivyo. Si kweli, alifundishwa na kigingi.

Alipokuwa msichana, watu wa barabara walikuja wakachomeka kigingi uani kwa baba yake, wakaomba maji ya kunywa, wakaaga kwa adabu. Mwaka haukuisha, nyumba ikavunjwa. Tangu hapo mtu mwenye adabu na kigingi mkononi alimtia hofu.

Sasa piga picha siku wapimaji wa ukuta wa bahari walipobisha hodi kwake. Mradi ulikuwa wa miaka kumi na mitano, wa kuukinga mji na mafuriko, mtaa baada ya mtaa. Mkuu wao, mama mmoja mpole aliyevaa buti, alimweleza bila haraka. Wangechomeka kigingi cha chuma chenye kichwa chekundu uani kwake, upande wa bahari, na kila mwaka mtu angekuja kupima kutoka hapo hadi maji yanapofika. Mtaa unaoliwa haraka zaidi ndio utakaojengewa kwanza. Mama Vifungo aliitikia kila neno na hakuamini hata moja. Wakapima palepale, wakapata mita thelathini na moja, wakaaga. Kwa adabu, bila shaka.

Siku tatu alikosa raha. Alimwambia mumewe kwamba kigingi hakiji peke yake, nyuma yake liko tingatinga. Mumewe akamtuliza kwamba mambo ya siku hizi si kama ya zamani, jambo lililomtia wasiwasi zaidi. Siku ya nne, saa tano asubuhi, mtaa mzima ukiwa kazini, alikichimbua kigingi kwa sururu, akakifunga ndani ya kitambaa cha sare za shule, akaenda kukichomeka kichochoroni nyuma ya nyumba, mita kumi na mbili kutoka pale kilipokuwa. Shimo la uani akalifukia, akalisakafia kwa saruji, kisha akarudi kushona huku akiimba.

Kila mwaka akaja mpimaji mwingine na karatasi yake, iliyotaja mtaa na kichwa chekundu tu. Alikitafuta kichwa chekundu, akapima kutoka hapo, akaenda zake. Mama Vifungo alimchungulia dirishani, roho kwatu, kwa kuwa nyumba ilikuwa bado imesimama. Bahari nayo haikulala. Ilimeza banda la kuku la jirani, kisha miti ya kuanikia nguo, na mwaka wa nne dhoruba ikaingiza maji jikoni, yakaondoka na ndara za mumewe. Watu wakasema ukuta hauna budi kuanzia kwao.

Mkutano ulifanyika darasani, mitaa ikiitwa mmoja mmoja. Afisa wa mradi alisoma orodha, na mtaa wao ukawa wa mwisho kabisa.

“Ninyi hamliwi na bahari,” alisema. “Vipimo vinaonyesha nchi kavu yenu imeongezeka mita tatu.”

Watu walichemka. Huyu akasema kuna mtu kahongwa, yule akasema nafasi yao imepewa mtaa wa wakubwa. Kisha wote wakamgeukia Mama Vifungo, maana kwenye shaka yeye ndiye profesa wao. Walimsubiri amtaje mwizi.

Yeye alikuwa akipiga hesabu. Ukipima suruali kuanzia kifuani badala ya kiunoni, unampa mtu miguu asiyokuwa nayo. Aibu ikampanda hadi masikioni. Akasimama.

“Kigingi nilikihamisha mimi. Nilidhani mnataka kunivunjia nyumba, nikakipeleka nyuma, kichochoroni.”

Mumewe aliinamisha kichwa. Afisa alivua miwani, akamtazama. Kama angefoka, ingekuwa afadhali. Alitabasamu.

“Mama, huu ni mtaa wa tatu wiki hii kuniambia kigingi kilihama. Juzi nimeambiwa kigingi kilisukumwa na mbuzi. Kila mtu anautaka ukuta, nawaelewa.”

“Sikudanganyi, baba. Njoo nikuonyeshe mahali penyewe, nilipasakafia kwa saruji.”

“Utanionyesha sakafu ya uani. Kuna aliyekuona ukikichimbua?”

Alizungusha macho darasani. Majirani walitazama madawati, mumewe akatikisa kichwa polepole. Hakuna aliyemwona. Saa ile aliichagua vizuri mno.

“Niamini tu, baba,” alisema, na maishani mwake hakuwahi kumwomba mtu jambo hilo. Afisa akamshukuru kwa adabu, akafunga faili, akauita mtaa unaofuata.