Ng'ombe Aliyenifundisha Breki ya Mkono

Jana asubuhi pale Somanda, Bariadi mjini, mbuzi alikatiza mbele ya pikipiki yangu. Nilikuwa nimempakia binti yangu, nampeleka shule. Vidole vyangu viwili vikaifuata breki ya mkono vyenyewe, taratibu kwanza, halafu kwa nguvu. Tukasimama wima. Na hapo hapo, ndugu yangu, nikasikia harufu ya zizi la bibi.

Niseme ukweli, breki nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa darasa la saba, kijijini kwetu nje kidogo ya Bariadi, na baba alikuwa ameanza kunifundisha kuendesha pikipiki yake. Siku moja nimefunga ndoo ya maziwa ya bibi huko nyuma, kuku akapita, nikaikwapua ile breki kwa kiganja chote. Lo! Mimi huku, ndoo kule, maziwa yote vumbini. Baba hakunipiga. Alichukua spana, akaufungua waya wa breki ya mbele, ile ya mkono, akasema, "Hii ndiyo inaua watu. Na wewe, pikipiki basi." Nililia siku mbili. Hata michembe ya bibi, vile viazi vikavu vya kuchemsha na karanga, haikupita kooni.

Bibi hakuyaulizia maziwa. Aliutazama mkono wangu tu.

"Mayu, mkono wako una haraka," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma, akanichuchumalisha ubavuni mwa ng'ombe wake mweupe, mkorofi kuliko wote, nimkamue. "Bana, usivute. Kidole kwa kidole."

Nikavuta, nikala teke. Nikavuta tena, teke lingine. Wiki nzima nilinuka mavi ya ng'ombe, mpaka asubuhi moja yule mkorofi akatulia anacheua, maziwa yakilia chwaa, chwaa kwenye kibuyu. Bibi akamwita baba aje aone.

"Mrudishie mtoto breki yake."

Baba akaniangalia mkono. Kisha akaenda kutafuta spana.

Bibi hayupo sasa. Zizi limejengwa vyumba vya kupangisha, na maziwa nanunua dukani, ya pakiti. Namkumbuka mpaka kifua kinauma.

"Mama, mbona hatukuanguka?" binti yangu aliniuliza jana, mbuzi akiwa ameshapotelea vichochoroni. Ningempeleka kwa ng'ombe yupi? Nikampa kidole changu.

"Bana, usivute."

Akakivuta kwa nguvu zake zote. Nikamrushia teke dogo la mguuni. Alicheka mpaka akashika tumbo, halafu akakidaka tena, safari hii polepole, kidole kwa kidole. Niligeuza uso asione machozi.