Mchinjaji Aliyefukuza Nyuki wa Rafiki Yake

Saa moja asubuhi, Siakago. Jumaa Sulemani anasema bismillahi, anapitisha kisu, na mbuzi wa kwanza wa leo amekwisha. Zamani kazi hii ilimalizika gizani, na watu wakiamka walikuta nyama imeshatundikwa. Siku hizi za Hali ya Hatari mchinjaji hutoka mlangoni kwake kama kila mtu, jua likishachomoza na kafyu ikishakwisha.

Wateja wanakuja, wanabishana juu ya mifupa, wanaondoka na mifupa hiyo hiyo. Kufikia adhuhuri nyama imekwisha. Hapo Jumaa anavua aproni, ananawa mpaka viwikoni kwa sabuni, ananawa tena, kisha anazunguka nyuma ya bucha na kushika tezo.

Nyuma ya bucha yamelala magogo matatu. Moja limekwisha kukombwa likawa tundu kutoka mwanzo hadi mwisho, la pili limefika nusu, la tatu bado halijaguswa. Mchinjaji wa Siakago anachonga mizinga ya nyuki.

Mji mzima unamcheka. Mmoja alimwuliza kama ameanza kuchinja miti. Homgadi mmoja alifika na bunduki yake, akaingiza mkono ndani ya gogo mpaka kwapani akitafuta risasi, akatoka na vumbi la mbao. Jumaa hajali.

"Wacha wacheke," anasema. "Mimi nimeshachekwa na nyuki, sasa nitaogopa binadamu?"

Jumaa ana umri wa miaka arobaini na mitano. Baba yake alifika huku na msafara wa Wazungu akiwa mpishi, akitokea Tabora, akaoa binti wa Kimbeere na hakurudi tena. Jumaa alizaliwa mjini, akarithi kisu na bucha. Kabla ya Hali ya Hatari alikuwa akichinja ng'ombe watano kwa wiki. Sasa wakipatikana wawili anashukuru, maana kuswaga mifugo kutoka Gachoka kunataka pasi, na pasi inataka subira.

Kwa hiyo mtu angedhani mizinga hii ni biashara mpya. Sivyo. Mizinga hii ni deni la rafiki, na ili ulielewe lazima umjue Nthiga.

Nthiga ni mkulima wa Kimbeere, jirani ya mji. Walikua pamoja, yeye na Jumaa, wakichunga mbuzi bonde moja. Walipokuwa wakubwa Nthiga alikuwa akimletea Jumaa asali, naye Jumaa akimpa kichwa cha mbuzi na miguu yake, na hakuna aliyewahi kusema hii inatosha au haitoshi. Mwaka wa 1955 askari walimchukua Nthiga kwenye lori. Ilisemwa amewalisha watu wa msituni. Mkewe, Wambeti, ndiye aliyeleta ujumbe bucha: mume wangu anasema umtunzie nyuki wake.

Ilikuwa mizinga mitatu, juu ya migunga mirefu. Watoto wa Nthiga walikuwa wadogo, na kwao mwanamke hapandi mti wa nyuki. Jumaa alisema ndiyo upesi, kama mtu anayekubali kumshikia jirani kuku.

Sasa, kila mtoto wa Kimbeere anajua kwamba asali huvunwa giza likishaingia, nyuki wakiwa wametulia, kwa mwenge wa moshi. Lakini mwaka ule mtu aliyeonekana nje na moto baada ya jua kutua hakuulizwa swali, alipigwa risasi. Jumaa alifikiri, akaona njia moja tu. Akaenda mchana. Akapanda saa sita, jua la utosi, na aproni yake ya kazini kifuani, inanuka damu na jasho, harufu inayowakasirisha nyuki.

Nyuki hawakumwuliza pasi. Alianguka, akakimbia, akarudi mjini uso umevimba hata mteja mmoja akamwuliza yule Jumaa mwenye bucha amekwenda wapi. Alipopona alirudi tena, mbishi, safari hii amejifunika blanketi, na hapo ndipo alipoharibu kabisa. Kwa kutojua alikomba masega yote, ya asali na ya majana, yaani watoto wa nyuki, bila kuwaachia nyuki hata kidogo. Nyuki wasiobakishiwa kitu huhama. Walihama mti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nyegere na mchwa wakamaliza mbao zilizobaki.

Kwa miaka miwili Jumaa ameishi na aibu hiyo, na hasemi vinginevyo. Kila akipita chini ya migunga ile huangalia njia.

Mwezi huu wa kumi na mbili mambo mawili yametokea. Kwanza, barazani Bwana DO, ofisa wa serikali wa hapa, ametangaza kwamba kuanzia Januari 1958 kafyu itaondolewa hapa. Pili, Nthiga ameletwa kambi ya kazi upande wa Embu, na walioletwa huko huachiliwa baada ya miezi michache.

Tangazo la baraza limewafanya watu wazima kuwa kama watoto. Jioni zinarudi, na kila mtu ana mpango wa jioni zake. Mwalimu mmoja anataka kuanzisha kwaya. Sharifa, mke wa Jumaa na mama wa binti yao Rahema, anasema atajifunza kuendesha baiskeli wakati wa magharibi, watu wasipoweza kuona vizuri anavyoanguka. Mumewe anamwambia watasikia. Anajibu kwamba wakisikia si kitu, kuona ndiko kubaya.

Jumaa yeye anataka mizinga mitatu iwe juu ya miti kabla ya migunga kuchanua, ili makundi ya nyuki wanaohama wayakute makao. "Mtu ametoka kifungoni," anasema. "Asije akaona miti mitupu akasema, hata hii Jumaa alishindwa."

Mwalimu wake wa uchongaji ni Wambeti. Hagusi tezo, desturi haimruhusu, lakini amemtazama mumewe akichonga tangu alipoolewa. Huketi kando na kikapu chake, na Jumaa akikosea anaguna. Hapo Jumaa hugeuza gogo na kuanza upande mwingine.

Siku mwandishi huyu anafika, Wambeti hayupo. Ameruhusiwa kwenda kumwona mumewe kambini, na Jumaa amemsihi jambo moja: asimwambie habari za nyuki. Atamwambia mwenyewe, mizinga ikiwa imejaa. Siku nzima anapiga tezo vibaya. Mara mbili anakaribia kujikata, yeye mtu wa visu.

Alasiri Wambeti anatokea, miguu imejaa vumbi jekundu. Anakunywa maji. Akiulizwa hali, anajibu kwamba mume wake amekonda lakini ni mzima. Kisha anaketi mahali pake pa kawaida.

"Nilimwambia yote, Baba Rahema," anasema. "Sikuweza kuficha. Aliuliza nyuki kabla ya kuuliza mbuzi."

Jumaa anaweka tezo chini. "Akasema nini?"

"Alicheka. Nilipofika pale pa aproni alishika waya wa ua wa kambi akacheka mpaka askari akaja kuuliza kuna nini. Tangu wamchukue mimi sijaona meno yake."

Jumaa anatazama mikono yake. Wambeti anaendelea polepole, kama mtu aliyebeba maneno hayo njia nzima asiyamwage.

"Amesema hivi: uchonge hii miwili. Ule wa tatu usiguse. Amesema akirudi akute kila kitu kimefanywa, yeye atakaa chini afanye nini? Anataka gogo."

Mchinjaji wa Siakago analia, wala hajifichi. Sharifa anatoka mlangoni kuuliza nani amekufa, anaambiwa hakuna, anarudi ndani kuchemsha chai.

Jua linapoinama Jumaa anaviringisha gogo la tatu mpaka kivulini na kulifunika kwa ngozi ya ng'ombe, lisipasuke. Anaeleza mpango wake wa mwaka mpya. Mizinga miwili itapanda mtini Januari, imepakwa nta ndani. Nthiga akifika watachonga wa tatu. Halafu anataka afundishwe kuvuna usiku, kwa moshi, na kubakiza.

Na kama nyuki watakataa kurudi?

"Nikikosea, nitakosea mbele ya mwenyewe," anasema Jumaa. "Yeye atakuwa juu ya mti, mimi nitakuwa chini nashika mwenge. Peke yangu sipandi tena."