Ramadhani ya Sinki

Sinki la nyumba nilimokuwa nikipika Biharamulo mjini lilikuwa na tundu dogo tu la kutolea maji, na mdogo wangu aliamini kwamba tundu lile linakwenda moja kwa moja kwenye migomba.

Hakuwa mjinga. Kwetu kijijini Kirushya vyombo tuliviosha nje kwenye kichanja, na maji yale yenye punje za maharage na ukoko wa ugali tuliyapeleka kwenye migomba iliyo karibu na jiko. Migomba hiyo ndiyo iliyozaa mikungu minene kuliko yote shambani, na kila mtu alijua kwa nini. Mama alitufundisha hivyo kabla hatujajua kusoma. Yeye alipofariki, baba akiwa ametangulia, nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule, nikaendelea kumwagia migomba ile kwa sababu wadogo zangu wawili walikuwa wanaitegemea.

Baadaye mdogo wetu wa kiume alichukuliwa na mjomba aliyeishi Bugarama, nami nikapata kazi ya kupika kwa bibi mmoja wa Kiislamu Biharamulo, wa familia ya wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani. Bibi alinipa chumba cha uani. Mdogo wangu wa kike alipofaulu kwenda sekondari nilimwomba bibi aruhusu akae nami, naye akaniuliza swali moja tu: "Anakoroma?" Nikasema hakoromi. "Basi mlete. Mimi nakoroma kwa ajili ya wote." Namshukuru bibi yule kwa mambo mengi, lakini kwanza kwa hilo.

Tatizo lilikuja na maji ya bomba. Mtoto wa bibi, mwenye duka la unga na vitenge upande wa mbele, aliweka sinki jikoni ili mama yake asihangaike na ndoo. Bomba la maji machafu lilipita chini ya sakafu ya stoo ya duka, likatokea nyuma kwenye shimo, hatua chache kutoka migomba ya bibi. Mdogo wangu ndiye aliyeosha vyombo jioni. Sinki likaziba, fundi akaja akazibua. Haukupita muda likaziba tena, na safari hii maji yakapanda kupitia ufa wa sakafu ya stoo yakalowesha magunia ya unga.

Mwenye duka alituita jikoni. Fundi alikuwa amelala chali chini ya sinki, miguu imetokeza nje.

"Nani anaosha vyombo jioni?"

"Mimi. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unatia nini humu?"

"Mabaki ya chakula. Ya migomba."

"Ya nini?"

"Ya migomba, baba. Bomba si linaelekea kule nyuma kwenye migomba?"

Miguu ya fundi ilianza kutikisika kwa kicheko. Bibi, aliyekuwa kwenye mkeka akichambua mchele, alifunika uso kwa ungo.

"Nyie watu wa ndizi," akasema alipopata pumzi. "Hata bomba mnalituma shamba?"

Fundi alitoka na alichokiopoa, akakimwaga juu ya gazeti. Mafuta ya mawese yalikuwa yameganda kama mshumaa, yamenata na maganda ya maharage, wali, ugali wa muhogo na majivu tuliyosugulia masufuria. "Mawese yakipoa yanashika ukuta wa bomba," alisema. "Majivu yanakuja yanakaa juu yake, halafu ugali unaziba mlango. Hapa hakuna maji yatakayopita."

Mwenye duka hakucheka. Alisema Ramadhani inaanza, watu watafuturu pale kila siku, na stoo imejaa mzigo wa sikukuu. Sinki likiziba tena kabla ya Idi, binti arudi kwao.

Kwao palikuwa wapi? Nyumba ya wazazi wetu ilikuwa imeshaanguka upande mmoja, na kwa mjomba kulikuwa kumejaa. Kumrudisha ilikuwa ni kumtoa shule. Mimi najua mtu anavyotoka shule: hakuna anayekufukuza, unakosa tu mahali pa kulala karibu nayo.

Bibi hakubishana na mtoto wake mbele yetu. Mwanawe alipoondoka, alinipa chujio la chai lililovunjika mpini. "Litie kwenye tundu. Na majivu yenu yabaki nje." Nilikata majani makavu ya mgomba, nikayafunga mafungu, nikayatundika kando ya sinki. Kila sahani na kila sufuria ilifutwa kwa jani kwanza. Mafuta yaliyobaki tuliyamimina kwenye kopo yakagandia humo. Sufuria ya ugali wa muhogo ililowekwa nje, ikakwanguliwa kwa mwiko, ndipo ikaruhusiwa kuingia ndani. Mabaki yote yaliingia kwenye ndoo, na mdogo wangu akaipeleka ndoo kwenye migomba kwa miguu yake. Mwisho tulimwaga maji ya moto.

Kazi haikuwa kuosha; kazi ilikuwa wageni. Wanawake wa ukoo walikuja kusaidia baada ya futari, wenye huruma na haraka ya kwenda kuswali, na kila mmoja alitaka kumwaga kitu. Mdogo wangu alisimama mbele ya sinki.

"Shangazi, samahani, hayo mafuta ya sambusa naomba."

"Unayataka ya nini?"

"Ya kopo, shangazi."

"Eh, siku hizi sinki lina askari. Haya, nipekue na mifuko."

Jioni moja maji yalisimama. Nilikuwa napanga vikombe nikaona mdogo wangu ametulia, mikono imezama hadi viwikoni, midomo inacheza bila sauti. Alikuwa anasali Salamu Maria katika nyumba ya Waislamu, mwezi wa Ramadhani. Nilizamisha mkono, nikalipata chujio limejaa tambi zilizovimba. Nilipolinyanyua, maji yalizunguka yakashuka yote. Bibi alituangalia kutoka mlangoni. "Malizia tu sala yako," akamwambia. "Mimi pia nilikuwa nimeanza yangu."

Asubuhi ya Idi, mwenye duka alifungua stoo, akachuchumaa, akapitisha kiganja kwenye ule ufa. Kisha akaja jikoni na kanzu yake mpya, akajipangusa vumbi la unga.

"Pakavu," akamwambia mama yake. Halafu akamgeukia mdogo wangu. "Shule mnafungua lini?"

"Jumatatu, baba."

"Sketi yako ya shule imekuwa fupi. Kesho nenda kwa fundi cherehani hapo barazani akupime, mwambie nimekutuma mimi."

Mdogo wangu alipiga goti kama tunavyofanya kwetu, akasema asante. Bibi akamwambia ainuke, sakafu ina maji. Nami nikamshukuru Mungu kimyakimya, nikashika jani lingine, kwa sababu sufuria kubwa ya pilau ilikuwa bado haijafutwa na shangazi mmoja alikuwa tayari ameikaribia.