Vibuyu vya Watu wa Masasi

Mwaka wa pili wa ndoa yangu, enzi za Mwingereza, ilitangazwa siku ya ngoma kwenye uwanja wa boma, Newala. Tulitoka Kitangari asubuhi, mimi na mama mkwe wangu, baada ya kuteka maji bondeni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Majirani walisema tangu afiwe na mumewe hajaimba tena, hata kwenye kinu.

Tulikuta ngoma zinapashwa moto wa nyasi ili ngozi zikaze. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alikaa chini ya turubai na mkewe. Vikundi vilikuwa vingi, lakini walioninasa ni wanaume wa kutoka Masasi, kaptula nyeupe, wakipiga gwaride kama askari. Tarumbeta la shaba hawakuwa nalo hata moja. Walishika vibuyu virefu mdomoni, na sauti ikatoka nzito, yenye mvumo, kama nyuki waliofundishwa wimbo.

Walipopumzika nikamfuata mmoja, mtu mzima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Humo ndani mmetia nini?"

Akacheka, akanionyesha tundu dogo ubavuni mwa kibuyu, limezibwa kwa kitu cheupe, chembamba. "Utando wa buibui. Hebu jaribu."

Nikapuliza mpaka mashavu yakauma. Pumzi tupu.

"Usipulize. Imba."

Nikaona haya. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amenyoosha mkono. "Lete."

Akaimba kwa Kimakonde, wimbo wa kuwapokea watoto wanaotoka jandoni. Kwanza polepole. Kibuyu kikaichukua sauti yake na kuikuza, watu wakageuka, mpiga ngoma mmoja akaudaka mdundo. Wanawake wakapiga vigelegele. Gwaride lilipoanza tena, wale wanaume wakampisha katikati yao, naye akazunguka uwanja pamoja nao, kanga imefungwa kiunoni. Mimi nilibaki nimeshika mdomo.

Njiani sikuweza kunyamaza. "Mama, hukuona haya?"

"Ile haikuwa sauti yangu," akasema. "Ilikuwa ya kibuyu."

Tukatembea kidogo. Kisha, bila kuulizwa, akaniambia kwamba yeye na marehemu walionana mara ya kwanza ngomani, huko Makote, na kwamba marehemu hakujua kucheza hata kidogo. Nikauliza marehemu alivaa nini siku hiyo. Akanijibu. Nikauliza jingine.