Kasha la Barua Zilizofifia

Zamani karatasi ikiugua ilitafutiwa tabibu. Siku hizi hupigwa picha, kisha hutupwa.

Tabibu niliyemjua mimi alikuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, fundi wa nyaraka katika chumba cha nyuma cha maktaba yetu. Tulimwita Bi Pumzi, kwa sababu kila aliyeinamia meza yake aliambiwa, "Pumua pembeni, hiyo imemzidi mama yako umri." Mimi niliishia darasa la nne, yaliyobaki nilifundishwa na rafu za humo. Yeye ndiye aliyenifungulia mlango wakati wenye vyeti wakinicheka.

Palipochanika alipabandika kwa uji wa wanga na karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Aliyethubutu kutumia selotepu alisemwa mpaka akatamani kuhama mji.

Kisha akaja mkuu mpya, kijana wa kompyuta, akaagiza makasha yote ya barua za raia yapigwe picha, na karatasi zenyewe zichomwe Ijumaa. Bi Pumzi hakubisha. Alikagua picha za kasha moja, la wajane walioomba kurudishiwa viwanja vyao, akakuta kurasa tupu. Wino ulikuwa umefifia, na taa ya mashine, iliyomulika kutoka juu, haikuona kitu. Yeye alizisoma kama mafundi wa zamani: unainamisha karatasi dirishani, mwanga unaipiga ubavuni, na mikwaruzo ya kalamu inajitokeza.

Tukakaa dirishani siku tatu, yeye akisoma, mimi nikiandika. Alhamisi hatukuwa tumefika hata robo. Mkuu akaingia, akauliza kwa kejeli kama bado tunapiga ramli. Bi Pumzi akampa karatasi.

"Inamishe, mwanangu."

"Bibi, hii haina kitu."

"Inamishe tena. Usiwe na haraka kama mashine yako."

Akainamisha. Nikaona midomo yake ikianza kucheza. Mjane alikuwa akitaja mipaka ya kiwanja chake: kisima, njia ya mbuzi, kaburi la mwanawe. Mkuu alisoma hadi mwisho. Hakuomba radhi, hilo hawafundishwi tena. Alisema tu kasha lile libaki mpaka tumalize. Mengine kumi na moja yalichomwa kesho yake, na moshi wake haujanitoka kooni.

Ilituchukua miezi minne. Siku tuliyomaliza, macho yake yalikuwa yamechoka hata kamba ya kasha aliifunga kwa kupapasa. Nilimsindikiza hadi ngazi za mbele. Nilitaka kumshukuru kwa kila kitabu nilichowahi kusoma, lakini akaniwahi.

"Kanawe mikono, kaka yangu," akaniambia. "Umejaa wino kama karani."

Akashuka ngazi moja moja, mkono ukutani, akakata kona. Sikumwona tena.